Saratani ya ini inayojifanya jipu

MGONJWA ana homa isiyoshuka na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kipimo cha damu kinaonyesha chembe nyeupe zimepanda mno, na picha ya ini inaonyesha uvimbe wenye majimaji katikati. Daktari hufikiri kwanza jipu la ini, na mara nyingi huwa sahihi. Ipo, hata hivyo, saratani adimu ya ini inayoleta dalili hizo hizo pasipo kuwapo bakteria hata mmoja.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni kichocheo kiitwacho kwa kifupi G-CSF. Mwili wenyewe hukitengeneza kwa kiasi kidogo ili uboho wa mifupa uzalishe nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika mikrolita moja ya damu. Seli za saratani hii hutoa kichocheo hicho bila kiasi, na idadi hiyo huongezeka maradufu au zaidi. La kushangaza ni kwamba kichocheo hicho hicho, kikitengenezwa maabara, ni dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991 kwa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe zimepungua kutokana na tiba ya saratani.

Uvimbe unaotoa G-CSF ulielezwa na watafiti wa Japani mwaka 1977, katika saratani ya mapafu. Ule wa ini ulifuata baadaye, na taarifa nyingi kuuhusu zimetoka huko huko Japani.

Hatari iko katika muda unaopotea. Saratani hii kwa kawaida ni kali na hukua haraka, ilhali mgonjwa anaendelea kupewa antibaiotiki zisizomsaidia. Damu inapooteshwa maabara bila kuonyesha vijidudu, na homa ikagoma kushuka, inafaa kipande cha uvimbe kichukuliwe na kuchunguzwa. Kiwango cha G-CSF katika damu nacho hupimwa, ingawa si kila hospitali ina uwezo huo.

Uvimbe ukiondolewa wote kwa upasuaji, homa hutulia na chembe nyeupe hurejea katika kiwango cha kawaida. Zikipanda tena bila maambukizi, madaktari hushuku kwamba saratani imerudi.