Mchana Unaishia Wapi Tunduma?

Kwa Kiswahili cha serikali, mahali unapomwacha mtoto asubuhi ukamchukua jioni panaitwa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Ni maneno sita. Mtaani Tunduma, kama kwingine Tanzania, watu hufupisha: dei kea, au chekechea.

Jina refu lina historia. Enzi za vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ulihimiza vituo hivi ili mama aende shambani bila mtoto mgongoni. Mwaka 1981 vikatungiwa sheria yake. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, lakini jina limebaki.

Litazame vizuri. Kitenzi chake ni kulea, kilekile tunachokitumia kwa mama na bibi. Kikinyambuliwa kuwa kulelea, kinataja na mahali malezi yanapofanyika. Kusoma na kuandika hakumo. Chekechea, kwa upande wake, limezoea kutanguliwa na "shule ya". Ndiyo maana mzazi huuliza kwanza kama mtoto atajua kusoma, kabla ya kuuliza nani atamlisha na atalala wapi. Hata ofisi ni mbili: kituo kiko chini ya Ustawi wa Jamii, darasa la awali liko chini ya Elimu.

Lakini neno zito kuliko yote ni la mwisho. Mchana wa shamba la kijiji ulijulikana: jua likizama, mama anarudi. Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una hesabu nyingine. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, ambako saa iko nyuma kwa saa moja. Huku ikiwa saa kumi na mbili jioni, kule ni saa kumi na moja, na anayeuza mchele kule hufuata saa ya wateja wake. Mama lishe anayewapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka naye hawezi kuzima jiko eti jua limezama.

Saa hizo za jioni hazimo katika jina. Huzibwa na jirani, au na dada wa darasa la tano anayempokea mdogo wake akiwa bado na sare za shule, madaftari hayajafunguliwa. Naye bado ni mtoto wa kulelewa.