Piramidi za Misri na Watu Waliozijenga

Piramidi ilikuwa kaburi la mfalme. Wamisri wa kale waliamini kwamba farao akifa hupaa kwenda kuungana na jua, na kwamba angeendelea kuishi huko mradi mwili wake uhifadhiwe na sadaka zisikatike. Kwa hiyo kando ya piramidi palijengwa hekalu ambamo makuhani walimtolea marehemu mkate, nyama na bia.

Awali wakubwa walizikwa chini ya majengo mafupi ya matofali mabichi yenye paa bapa. Yapata mwaka 2650 K.K., huko Saqqara, farao Djoser alijengewa kaburi la mawe lenye ngazi sita, kimo chake mita 60 hivi. Kazi hiyo huhusishwa na Imhotep, mkuu katika serikali yake.

Farao Sneferu ndiye aliyejenga piramidi nyingi na kubwa. Huko Dahshur mafundi wake walianza na mteremko mkali wa nyuzi 54 hivi. Jengo likaonyesha dalili za kutitia, nao wakiwa katikati ya kazi wakaulaza mteremko hadi nyuzi 43. Mpindo huo unaonekana hadi leo. Hawakukata tamaa: walisogea kaskazini kidogo, wakajenga nyingine yenye mteremko mpole tangu chini, na hiyo ikasimama na pande zilizonyooka. Ustadi wa Giza ulizaliwa hapo.

Khufu, mwana wa Sneferu, alijengewa Giza piramidi ya mita 146, yenye mawe yanayokadiriwa kuwa milioni 2.3. Imesimuliwa mno kuwa ni kazi ya watumwa, na simulizi hiyo inawadhulumu wajenzi wenyewe. Karibu na Giza yamefukuliwa matanuri ya mikate, mabweni na mifupa ya ng'ombe na mbuzi waliochinjwa kuwalisha wafanyakazi, pamoja na makaburi yao, jirani kabisa na la mfalme. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ilipatikana shajara ya Merer, msimamizi wa watu wapatao 40. Humo ameandika safari zao za kusomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza.

Piramidi za baadaye zilipungua ukubwa, na nyingi zikajazwa kifusi au matofali ya udongo ndani. Wezi wa makaburi nao hawakukoma. Ahmose, aliyetawala karne ya 16 K.K., alikuwa farao wa mwisho kujengewa piramidi kubwa. Waliomfuata walichimbiwa makaburi ya siri katika miamba ya Bonde la Wafalme. Karne nyingi baadaye wafalme wa Kushi, katika Sudan ya leo, waliufufua ujenzi huo huko Nuri na Meroe, na leo Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri.