Bahari inapovuma

Usiku wa kusi huko Jambiani, maji yakiwa yametoka, mawimbi huvunjikia mbali, kwenye mwamba. Ufukweni pametulia, ila kuna kitu kizito kinachosikika bila kukoma, kama nyuki ndani ya mzinga. Huo ndio mvumo. Napenda pia mvua juu ya bati na vikombe vya muuza kahawa vikigongana, lakini mvumo ndio ulionilaza utotoni, na nikiwa bara hunichukua muda kupata usingizi bila huo.

Siku hizi tunaandika “sauti ya bahari” tukaridhika. Inaniuma, maana sauti ni ya kila kitu. Kuvuma kunasema zaidi: ni mlio mnene, wa mfululizo, unaotoka mahali usipopaona. Upepo huvuma, na ngoma ya kijiji cha pili huvuma. Humo ndimo tulimopata uvumi, yale maneno yanayosikika kila baraza na mwenyewe haonekani. Na mtu akisifika, amevuma. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo, walisema wahenga. Papa mwenyewe hasikiki, jina lake ndilo livumalo.

Bibi yangu aliujua mvumo kuliko saa ya ukutani. Ulipobadilika kabla ya alfajiri alijua maji yameanza kutoka, akatugusa miguu mmoja mmoja: “Amkeni wanangu, bahari imeshahama. Twendeni kwenye mwani.”