Mgodi ndani ya Mchezo: Masisi, Walikale na Michezo ya Video

Mwaka 1997 wapenzi wa michezo ya video walipata michezo miwili ambayo hadi leo haijasahauliwa. Age of Empires ni mchezo wa mkakati: mchezaji huitazama nchi kutoka juu, akawatuma wanakijiji wake kukata miti, kulima na kuchimba dhahabu. Final Fantasy VII ni mchezo wa uhusika, yaani ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwenye jina na historia, akasafiri naye. Mwezi Mei wa mwaka huohuo majeshi ya AFDL yaliingia Kinshasa. Wakati huo SOMINKI, kampuni iliyochimba madini ya Kivu na Maniema tangu 1976, ilikuwa imekwisha kuporomoka, na migodi ya Masisi na Walikale ikabaki mikononi mwa wachimbaji wa sururu na koleo.

Uhusiano wa mambo haya ni wa madini. Koltani ya Masisi hutoa tantali, metali inayotengenezewa visehemu vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Kasiterite ya Walikale hutoa bati la kulehemu visehemu hivyo. Mwezi Machi 2000 kampuni ya Sony ilitoa PlayStation 2 huko Japani. Ilipofika zamu ya Marekani, mwezi Oktoba, idadi ya mashine za siku ya kwanza ilipunguzwa kwa nusu, na sababu iliyotolewa ni upungufu wa vipuri. Katika miezi hiyohiyo bei ya tantali ilipanda mara kadhaa. Ndipo ulipozuka usemi, ambao ungali unarudiwa, kwamba vita vya Kongo vililetwa na mashine ya kuchezea.

Usemi huo hauna budi kupimwa. Mahitaji ya simu za mkononi, pamoja na hofu ya wanunuzi waliojilimbikizia akiba, yalichangia pakubwa kupandisha bei. Zaidi ya hayo, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, yakaenea Masisi, miaka saba kabla ya mashine hiyo kuzaliwa. Mzozo ulihusu ardhi, uraia na mamlaka ya kimila. Mizizi yake imo katika mpango wa serikali ya kikoloni ya Kibelgiji wa kuwahamishia Masisi watu kutoka Rwanda kuanzia 1937, na katika sheria ya uraia ya 1981 iliyowavua wengi haki waliyokuwa nayo. Anayeanza kuisimulia Masisi kutoka mwaka 2000 anaianza hadithi katikati.

Hata hivyo bei ilifanya kazi yake. Vijana waliacha mashamba, wengine waliacha shule, wakaenda migodini. Mwezi Novemba 2000 chama cha RCD, kilichotawala kutoka Goma, kiliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje, kwa matumaini ya kujaza hazina yake. Mchezaji yeyote wa mkakati angeitambua hatua hiyo: hazina moja, mlango mmoja. Lakini bei haikumtii mtawala. Ilishuka mwaka 2001, na haki ile ya pekee ikafutwa baada ya miezi michache tu.

Hapa ndipo udhaifu wa michezo ya mkakati unapoonekana, ingawa utamu wake hauwezi kukanushwa. Jambo moja huliweka sawa: dhahabu huisha, na mchezaji aliyezoea kuchota hushtuka. Lakini mchimbaji wake hana deni kwa mnunuzi, haangukiwi na udongo, wala hatozwi ushuru njiani. Akifa, mwingine hupatikana kwa vipimo 50 vya chakula. Katika bao, mchezo mkongwe zaidi wa mkakati miongoni mwa Waswahili, kete zilizoliwa hupandwa tena kwa aliyezila, na zote 64 hubaki ubaoni. Kinachotoka Masisi hakirudi katika mashimo yake.

Mchezo wa uhusika unakaribia zaidi. Katika Final Fantasy VII mna kijiji cha Corel, cha wachimbaji wa makaa ya mawe. Barret, mzaliwa wa hapo, aliunga mkono ujenzi wa mtambo wa kampuni kubwa. Baadaye kijiji kikachomwa, naye akabaki na lawama. Swali la Corel, la nani ana haki ya kukubali kwa niaba ya kijiji, ndilo lililoisumbua Bisie, Walikale, baada ya kasiterite kugunduliwa huko 2002. Kampuni yenye kibali cha Kinshasa ilivutana kwa miaka na wenyeji waliodai ardhi ya mababu zao, huku wapagazi wakibeba magunia kwa miguu kupita msituni, na wanajeshi wa brigedi ya 85 wakichukua chao hadi 2009. Waandishi wa Corel hawakuwa wakiisimulia Kongo, lakini walimpa mchimbaji jina na kosa lake mwenyewe.

Mwezi Septemba 2011 ulitolewa Phone Story, mchezo mdogo ambao katika sehemu yake ya kwanza mchezaji huwa mlinzi mwenye bunduki akiwashurutisha watoto wa Kongo kuchimba koltani. Kampuni ya Apple iliuondoa dukani mwake baada ya siku chache. Nia ya waliouunda ni njema, na watoto wamekuwamo migodini kweli; ila mchezo huo umempokonya mchimbaji jina alilopewa Barret, ukambakizia mjeledi tu. Haumo humo mwanafunzi aliyekwenda kutafuta karo, wala mkulima aliyefukuzwa shambani mwake. Na yaliyokuwa yametokea muda mfupi kabla ya hapo hayamo vilevile: kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, wachimbaji wa Walikale wakakosa riziki, na baadhi ya wanajeshi wakaendelea kuchimbisha kwa siri.