Kufa Mara 412 kwa Raha Zako: Magemu Magumu, Kutoka kwa Mangi Maganzo Mpaka Hosteli

Najua nimeadimika. Yaliyonikuta mnayajua, na wengine mliyaona ubaoni kabla yangu: nina sapu ya Takwimu, na mpaka Septemba ipite sina raha.

Sasa badala ya kukaa na desa, wiki iliyopita nimekesha na gemu kwenye laptopu ya rumeti wangu, ile kuukuu ambayo hata muvi inakwama. Gemu linaitwa Celeste. Sio lile kubwa la kununua, ni babu yake mdogo wa bure, unalicheza ndani ya brauza. Kamtu kadogo kana nywele nyekundu kanapanda mlima, miba kila kona, ukigusa mwiba umekufa, unaanza kioo upya. Rumeti alikuwa anahesabu vifo vyangu kwa vijiti vitano vitano pembeni ya desa langu la Takwimu (mnaona kejeli hiyo?). Tulipozima taa vilikuwa 412.

Halafu nikalala nikajiuliza. Mtu aliyekufa mara 412 na bado anadai "ngoja moja ya mwisho", ndiye huyo huyo aliyefeli testi moja ya Takwimu mwezi wa pili akaacha kuingia darasani. Mimi nasomea ualimu jamani! Nikishindwa kulijibu hili kwangu mwenyewe, nitakwenda kuwaambia nini watoto wa watu? Ndiyo maana leo naandika historia badala ya umbea wa hosteli. Vumilieni.

Tuanzie mbali kidogo. Magemu ya zamani hayakuwa magumu kwa bahati mbaya. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na mashine hizo zilikaa kwenye kumbi na baa zikila sarafu. Hesabu yake ni nyepesi: mchezaji akikaa saa nzima kwa sarafu moja, mwenye mashine analala njaa. Akifa baada ya sekunde kumi, anaondoka na matusi. Kwa hiyo gemu lilitakiwa likuue mapema, lakini likuache na imani kwamba ulikosea kidogo tu. Ugumu ulikuwa biashara.

Mwaka 1983 Nintendo wakaleta mashine ya nyumbani, Famicom. Sarafu hakuna tena, ila ugumu ukabaki, safari hii kwa sababu ya nafasi. Super Mario Bros. ya 1985 nzima, muziki, picha na steji zote 32, ni kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa na shangazi WhatsApp ya "asubuhi njema" inaipita. Ukiwa na nafasi ndogo hivyo huwezi kumpa mteja steji mia tano, unampa chache zinazomchukua miezi. Hata watengenezaji wenyewe ziliwashinda. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki 2020, alikuwa anaihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani mwaka 1986, akaona hawezi kuicheza mpaka mwisho ili aijaribu. Akajiwekea njia ya panya: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ikasahaulika humo humo ndani, gemu likauzwa nayo. Kwenye Contra ya nyumbani ya 1988, njia hiyo hiyo inakupa roho 30 badala ya 3.

Na sisi huku? Sisi tulichelewa kwa amri. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, televisheni zikiwemo. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973, bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha. Gemu la nyumbani bila tivi ni sanduku la plastiki. Kwa hiyo wakati mtoto wa Osaka anamalizana na Mario, kaka zetu walikuwa wanasukuma matairi. Biashara ilipofunguliwa zama za hayati Mzee Ruksa, na tivi zikaingia majumbani, kilichotufikia hakikuwa Famicom yenyewe bali kopi zake za kutoka Asia. Hatukuwa peke yetu. Warusi nao walikulia kwenye kopi iliyoitwa Dendy tangu 1992. Kopi hizo ziliendelea kuuzwa miaka na miaka baada ya Nintendo wenyewe kuacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003, na ndiyo maana mimi, mtoto wa juzi, nimekulia kwenye gemu la mwaka 1988.

Kwetu ni Maganzo, wilaya ya Kishapu, barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na mgodi wa Mwadui. Kama hujawahi kupita, ni mji wa almasi: madalali, maduka, na watu wanaotembea wakiangalia chini. Nyuma ya stendi, kwenye mwaka 2012 hivi, kulikuwa na kibanda cha Mangi. Tivi mbili za chogo, pleisteshoni moja ya wakubwa wenye hela, na gemu moja la kaseti kwa ajili yetu vidudu. Kaseti iliandikwa "9999 ndani ya moja", kumbe ni magemu kama kumi yaliyorudiwa majina. Yote yalitelekezwa ikabaki Contra.

Sasa sikilizeni maajabu. Mangi hakututoza kwa dakika, alitutoza kwa roho. Shilingi mia, roho tatu. Zikiisha unatoa pedi kwa mwenzako, huna mia nyingine kaa benchi. Yaani yule mfanyabiashara wa Maganzo, ambaye sidhani kama aliwahi kuisikia Taito, alichukua mashine ya nyumbani akairudisha kuwa mashine ya sarafu ya 1978! Na alipogundua kwamba kuna dogo mmoja wa kota za Mwadui anajua ile njia ya panya ya roho 30, alimpiga marufuku kibandani wiki nzima. Mpaka leo nacheka.

Contra, risasi moja umekufa. Hakuna damu ya akiba. Lakini askari wanatokea pale pale kila siku, kwa hiyo kifo cha jana ni elimu ya leo. Benchi zima lilikuwa linasoma. Aliyeshika pedi ni mmoja, watoto wanane nyuma wanapiga kelele "ruka! lala! sasa!" Nyie mnaojua ngoma za Wagika na Wagalu mnaelewa, Msukuma hawezi kucheza peke yake, lazima kuwe na watu wa kuamua nani kamzidi nani. Steji ya tatu, ya maporomoko, mnapanda juu wawili, na kioo kinamfuata aliye juu. Ukimwacha mwenzako chini anakufa. Urafiki mwingi ulivunjika pale. Mimi na mdogo wangu hatukuongea siku mbili.

Na hapo ndipo inapouma, maana nataka kumzungumzia huyo mdogo wangu. Alikuwa bora kuliko mimi, mbali sana. Miaka michache baadaye zikaja mashine za dubwi, zile za kutumbukiza sarafu taa zikazunguka. Moja ikawekwa hatua chache kutoka kwa Mangi. Dogo akahamia. Akiwa kidato cha pili alimaliza pale hela ya mchango wa shule, na mama aliyempa alikuwa ameuza mtama. Nyumba ilinyamaza kama msiba. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Kaka, ni kama gemu tu, nilikuwa nimekaribia."

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu. Maana kwa nje vinafanana: sarafu, kushindwa, kurudia, kukaribia. Lakini Contra ikikuua unajua kosa, umeruka mapema. Dubwi likikuua hujui kitu, kwa sababu hakuna cha kujua. Ile "karibu" ya kwenye Contra ni ya kweli, ya kwenye dubwi ni taa tu zimesimama karibu karibu. Mtu akirudia mara mia kwenye Contra vidole vyake vimebadilika. Kwenye dubwi kilichobadilika ni mfuko. (Hiyo ndiyo mada ya Uwezekano kwenye Takwimu, na ndiyo niliyofelia. Msinicheke.)

Nilimweleza hivyo mjomba wangu ambaye amechekecha changarawe maisha yake yote, akanikatalia. Akasema chekeche nalo ni bahati, ila mkono unajifunza: ukichekecha vibaya hata jiwe likiwepo unalimwaga. Dk. Williamson, yule Mkanada aliyegundua Mwadui mwaka 1940, naye alitafuta miaka mingi kabla ya hapo. Basi sijui mjomba nimweke upande gani. Katikati, nadhani, na hapo katikati ndipo Maganzo nzima inapoishi.

Wasomi wamelichimba hili. Thomas Malone mwaka 1980 aliwauliza watoto wa shule ya msingi Marekani magemu gani wanayapenda na kwa nini, akatoka na mambo matatu: changamoto, ndoto na udadisi. Changamoto yake ina sharti, lazima matokeo yawe hayajulikani. Ukijua utashinda umechoka, ukijua utashindwa umechoka. Csikszentmihalyi (jina hili ukiliandika sahihi kwenye mtihani wakupe alama moja ya bure) aliwahoji wapanda milima na wacheza chesi, akaeleza ile hali ya kuzama mpaka unasahau kula, inayokuja pale ugumu unapolingana na uwezo wako. Mwaka 2006 Ryan, Rigby na Przybylski wakaongeza kwamba mtu anafuata kujiona anaweza, kujiamulia, na kuwa na wenzake. Hilo la tatu ndilo benchi la Mangi. Lakini ninayempenda ni Jesper Juul, kitabu chake cha 2013, kwa sababu hafichi: anasema kushindwa kwenye gemu kunauma kweli, na bado tunakufuata wenyewe. Wengine wanaandika kana kwamba vifo 412 ni raha tupu. Sio raha. Niliitupa mausi mara mbili.

Ndiyo maana hawa vijana wanaotengeneza magemu ya kizamani siku hizi wananivutia. Sarafu hawana haja nayo, nafasi wanayo tele, ugumu wameuchagua. Daisuke Amaya alitengeneza Cave Story peke yake kwa miaka mitano akaigawa bure mwaka 2004. Super Meat Boy ya 2010, ukimaliza steji, inakurudishia vifo vyako vyote kwa pamoja kwenye kioo kimoja, unajiona unakufa kama panzi na mmoja tu anafika. Celeste kubwa ya 2018 inakuhesabia vifo na kukuambia ujivunie. Hicho kidogo ninachocheza mimi, Maddy Thorson na Noel Berry walikitengeneza kwa siku nne mwaka 2015, na kikazaa hicho kikubwa. Kinachobadilika ni bei ya kufa. Kwa Mangi kifo kilikuwa na bei. Kwenye Celeste kifo hakikupotezei hata sekunde mbili, umeshasimama tena, muziki haujakatika.

Darasani kufa ni bei ghali, wadau. Testi moja alama 15, jina ubaoni, mbele ya watu. Hakuna anayekuambia uliruka mapema. Unapewa namba tu, kama dubwi.

Basi tangu Jumatano nimefanya kautani. Nimechukua maswali ya mitihani iliyopita, nafanya moja moja, naangalia majibu hapo hapo, nikikosa rumeti anachora kijiti, narudia lile lile mpaka likubali. Jana usiku vijiti vilikuwa 63. Swali la mipira myekundu na ya bluu kwenye mfuko limeniua mara tisa, la kumi limekubali, nikapiga kelele mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta.

Dogo kapiga simu leo asubuhi. Yuko Mwanza anajifunza ufundi wa magari. Nikamwambia nipo mita 1700 na nimekwama, akataka nimtumie hilo gemu kwenye simu yake. Nimemtumia. Saa nane mchana kaniandikia: "Kaka, mita 2100. Ule ukuta wa kushoto usiuguse."