Petroli ya Bujumbura

Ukitoka stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani lililo mwisho wa Reli ya Kati, bandari haiko mbali. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Tangu enzi za Wabelgiji mizigo ya Burundi ilikuwa ikishushwa Dar es Salaam, ikasafiri kwa garimoshi zaidi ya kilomita 1,200, kisha ikapakiwa kwenye meli na matishari kuvuka ziwa hadi Bujumbura. Kwa aliyetaka kuibana Burundi, njia hii ndiyo iliyokuwa koo lake.

Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya. Siku sita baadaye viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakatangaza vikwazo. Walidai bunge lirudishwe, vyama vifunguliwe, na serikali izungumze na mahasimu wake wote bila masharti. Waliofanya hivyo hawakuwa wakubwa wa Ulaya, ni majirani wenyewe, na kwa hilo nawapa heshima yao.

Septemba mwaka huohuo Buyoya alirudisha bunge na vyama. Bunge lenyewe sasa! Chama cha Frodebu kilikuwa kimeshinda viti 65 kati ya 81 mwaka 1993, lakini baadhi ya wabunge wake walikuwa wameuawa na wengine walikuwa uhamishoni. Milango ilifunguliwa, amri zikaendelea kutoka kambini.

Kilichoharibika zaidi hakikuonekana bungeni, kilionekana kwenye pampu. Petroli iliyokuwa ikipita Kigoma ilikuwa na karatasi zake: forodha ikaipima, ikaitoza ushuru, hazina ikapata chake. Njia ilipofungwa, mafuta yakaingia kwa magendo kupitia Rwanda, Zaire, hata Tanzania yenyewe, na bei ya lita ikapanda mara kadhaa. Serikali ikaanza kugawa mafuta kwa mgao na kutoa vibali vya kuagiza kwa wachache. Hapo ofisa wa forodha akabaki na mihuri isiyo na kazi, na nguvu ikahamia kwa mtu anayejua nani apewe kibali. Wenye jamaa jeshini hawakulala njaa. Mwalimu wa shule na karani wa wilaya ndio walioishi kwa mshahara uleule, sokoni kukiwa na bei mpya. Vifaa vya shule navyo vilisubiri hadi Aprili 1997 kuruhusiwa.

Wapo wanaosema bila vikwazo Buyoya asingepeleka watu wake kwenye mazungumzo ya amani ya Arusha Juni 1998. Huenda ni kweli. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukatiwa saini Agosti 2000, Mandela akiwa ameshika nafasi ya Mwalimu aliyefariki. Serikali ya mpito ilianza Novemba 2001. Rais wake wa kwanza, kwa miezi 18, alikuwa Pierre Buyoya.