Jinsi Chi Ilivyojifunza Kukwama

Mtu akienda leo kwa tabibu wa Kichina, awe Shanghai, London au Dar es Salaam, akalalamika kwamba kifua kinambana, tumbo limejaa gesi, usingizi haumjii na hasira ziko karibu, huenda akaambiwa kuwa chi ya ini lake imekwama. Chi ni ile pumzi, au nguvu, inayosemwa kuzunguka mwilini na kuuendesha. Ataambiwa pia kwamba elimu hiyo ina maelfu ya miaka. Kauli ya kwanza ni ya kitabibu na ina njia zake za kupimwa. Ya pili ni ya kihistoria, na ukiifuatilia katika maandiko ya Wachina wenyewe utaona inasimama kwa mguu mmoja tu. Wazo la chi kukwama ni la kale kweli. Ugonjwa unaopewa jina hilo sasa, wenye ini kama makao yake na huzuni kama chanzo chake, ulijengwa kipande kwa kipande, na kipande cha mwisho kiliwekwa katika karne ya 20.

Mwanzo wake ulikuwa wa kisiasa kuliko wa kitabibu. Karibu mwaka 239 K.K., Lü Buwei, waziri mkuu wa dola ya Qin, alisimamia kitabu kikubwa kilichokusudiwa kumfunza mtawala namna ya kutawala. Ndani yake imo hoja kwamba chi isiyotembea huzaa maradhi, kama maji yaliyotuama yanavyochafuka. Lakini mwandishi haishii mwilini. Nchi nayo, anasema, hukwama pale matakwa ya watu yasipomfikia mtawala. Qin ya wakati huo ilikuwa dola ya mifereji: mradi wa maji wa Dujiangyan ulikuwa umeanzishwa miaka michache nyuma, na mfereji wa Zhengguo ulianza kuchimbwa mwaka 246 K.K. Si ajabu basi kwamba vitabu vya tiba vilivyokusanywa baadaye chini ya watawala wa Han kwa jina la Mfalme wa Manjano vikalinganisha mishipa 12 ya mwili na mito 12 ya China. Ramani hiyo yenyewe haikuwapo tangu na tangu. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 K.K. na kufukuliwa miaka ya 1970, zilikutwa hati za tiba zinazotaja mishipa 11 tu. Hati hizo hazioneshi mzunguko unaoiunganisha yote, wala vituo vya kuchoma sindano.

Mtetezi wa ukale atajibu kwamba kitabu cha Mfalme wa Manjano kinataja wazi aina tano za kukwama. Ni kweli kinazitaja. Ila zimo katika sura ambazo wanahistoria wengi wanaamini ziliingizwa na Wang Bing, aliyekihariri upya kitabu hicho mwaka 762, yaani takriban miaka mia nane baada ya kukusanywa. Na hata humo, kinachokwama kwanza ni majira: upepo, joto, unyevu, ukavu na baridi vikizuiliwa angani hulipuka baadaye na kuleta maradhi kwa watu wengi kwa pamoja. Huo ni utabiri wa hali ya hewa na magonjwa yake. Mtu mmoja mwenye kinyongo na mkwe wake hana nafasi humo.

Aliyeushusha mkwamo kutoka mbinguni hadi tumboni ni Zhu Zhenheng (1281–1358) wa Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, msomi wa falsafa ya Confucius aliyegeukia uganga akiwa mtu mzima. Alikerwa na matabibu waliofuata bila kufikiri kitabu cha dawa kilichotolewa na serikali ya Song, wakiwalundikia wagonjwa dawa kali za kupasha mwili joto. Kwake yeye, chi na damu vikienda sawa ugonjwa hauna pa kuingilia, na vikikwama maradhi yote huanzia hapo. Alihesabu mikwamo sita: ya chi, damu, belghamu, moto, unyevu na chakula. Dawa yake mashuhuri kwa yote sita ina viungo vitano, na kimojawapo ni kiazi cha ndago, gugu lile lile linalowatoa jasho wakulima wa Afrika Mashariki. Tazama alichoorodhesha: vitu vya mwilini, na hata chakula kisichosagika. Huzuni haimo kama aina inayojitegemea, ingawa alijua kwamba mawazo huzuia chi. Ilibidi kusubiri matabibu wa zama za Ming, hasa Zhang Jiebin (1563–1640), ndipo hasira, wasiwasi na majonzi yatengwe kama mikwamo yenye tiba yake.

Bado haukuwa ugonjwa mmoja. Kila tabibu alikuwa na mkwamo wake, na walibishana kwa karne nyingi. Kilichoumaliza ubishi huo ni hofu ya kufutwa. Mwaka 1929 kamati ya afya ya serikali ya Nanjing ilipitisha pendekezo la kuipiga marufuku tiba ya jadi, na matabibu wakakusanyika Shanghai kuipinga. Baada ya Wakomunisti kushika nchi, tiba hiyo iliokolewa kwa sharti ambalo halikuandikwa: ifundishike darasani. Mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vinne, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na chuo hakiendi bila vitabu vya kiada. Waandishi wake walichukua maandiko yanayopingana, wakayapanga katika vifungu vyenye dalili, ulimi, mapigo ya mshipa na dawa. Mkwamo wa chi ya ini ni mojawapo ya vifungu hivyo, na kwa maoni yangu ni kazi nzuri ya uhariri.

Kwa nini kifungu hiki kikapendwa kuliko vingine? Jibu moja liko Changsha, ambako mwaka 1980 daktari Mmarekani Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 walioandikiwa uchovu wa neva na kukuta 87 wana sonona kwa vigezo vya Marekani. Wengi walikuja na malalamiko ya kichwa, usingizi na uchovu, si huzuni, na nyuma yao kulikuwa na miaka kumi ya Mapinduzi ya Utamaduni, ambapo kukata tamaa kungeweza kuhesabiwa kosa la kisiasa. Katika mazingira kama hayo, kuambiwa ini limekwama ni stara. Mgonjwa anatibiwa bila kuulizwa kilichomsibu.

Wapo watakaosema: kumbe ni ulaghai. Hilo halifuati. Dawa haibatiliki kwa sababu maelezo yake yamebadilika, wala haithibitiki kwa sababu ni ya kale. Ushahidi wa majaribio hauupi ushindi mkubwa upande wowote. Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo, nafuu ilipatikana kwa asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano kwenye vituo vya jadi, 44.2 ya waliochomwa juujuu nje ya vituo hivyo, na 27.4 ya waliopewa tiba ya kawaida ya hospitali. Kuchomwa kulisaidia, lakini mahali pa kuchomwa palileta tofauti ndogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza mkwamo wa chi ya ini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kwenye sura ya tiba za jadi, likieleza kwamba kuorodhesha si kuthibitisha kuwa tiba inafanya kazi. Baadhi ya wanasayansi walipinga vikali. Maneno yaliyoingizwa ni ya vitabu vya kiada vya baada ya 1956, na Zhu Zhenheng angehitaji kuelezwa yana maana gani.